Kuchagua kiuagugu cha majira ya kuchipua kwa ngano ya majira ya baridi: tathmini baada ya misimu kadhaa ya kupulizia

Ngano ya majira ya baridi hupandwa vuli, huota, kisha hudumaa kwa miezi kadhaa baridi inapokaza, na inapoamka mkulima huwa na wiki chache tu za kuamua ni dawa gani ya magugu ataiingiza shambani. Uamuzi huo ndio ninaoutathmini hapa. Nimepulizia ngano ya aina hii kwa misimu kadhaa na nimetumia karibu dawa zote nitakazozitaja, nyingine kwa mafanikio makubwa na nyingine kwa hasara ambayo ingeweza kuepukika kama ningekagua shamba kwa makini zaidi. Nimechagua kutathmini viambato amilifu, yaani kemikali zenyewe zinazoua gugu, badala ya majina ya biashara, kwa kuwa kiambato kimoja huuzwa kwa majina mengi na majina hayo hubadilika ukivuka mpaka. Viambato nimeviandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye lebo vitasomeka kwa tahajia ya kimataifa, lakini sauti ni ile ile na haitampotosha msomaji.

Kazi yangu huanza na fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50, ambayo huitupa chini sehemu zisizopungua kumi nikizunguka shamba zima, kisha hupiga magoti na kuhesabu kilichomo. Kazi hii huonekana ya polepole, hasa mwenzako anapokuwa amekwisha kuchanganya dawa kwenye tangi, lakini ndiyo inayotofautisha pesa iliyotumika vizuri na pesa iliyomwagwa. Magugu hayadhuru kwa kiwango kimoja. Galium aparine, lile gugu lenye majani yaliyojipanga kama nyota kuzunguka shina na vinyweleo vinavyong'ang'ania suruali, hupunguza mavuno kwa takriban asilimia 5 hata likiwa na mimea miwili tu kwa mita ya mraba, ilhali Stellaria media, lililo laini na linalotambaa, huhitaji kuwa mengi zaidi ya mara kumi ndipo lilete hasara ya kiasi hicho. Galium pia hupanda juu ya ngano, huilaza, na wakati wa kuvuna hujisokota kwenye mashine na kuacha mbegu zake ndani ya nafaka. Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa ipi ni nzuri kabla hajanionyesha kilichomo ndani ya fremu, jibu sina.

Kitu cha pili ninachokagua ni umri wa ngano yenyewe, na hapo kalenda haitoshi. Nang'oa shina kuu, nalipasua kwa kisu kikali kuanzia kwenye mizizi kwenda juu, na kutazama ndani. Ngano ikiwa bado inatoa machipukizi tu, suke changa huwa limejificha chini kabisa, dogo kuliko punje ya mchele. Suke hilo likifika sentimita 1 kutoka chini ya shina, ngano imeanza kurefuka, na muda si mrefu kifundo cha kwanza huweza kuhisiwa kwa vidole. Baada yake huja kifundo cha pili, na hatimaye jani la mwisho, lile lililo juu kabisa ambalo kwa sehemu kubwa ndilo linalolisha suke. Kila dawa ina mlango wake katika safari hii, na baadhi ya milango hufungwa mapema mno.

Nianze na mchanganyiko ambao kwa magugu ya majani mapana ninauweka mbele ya mingine yote: florasulamu pamoja na fluroksipiri. Florasulamu hutumika kwa takriban gramu 5 kwa hekta, yaani nusu ya miligramu kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona juu ya jani. Huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kutengeneza baadhi ya asidi amino, na mmea huacha kukua ndani ya saa chache ingawa kwa macho utauona wa kijani kwa wiki moja au zaidi. Fluroksipiri hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwa kuiga homoni ya ukuaji inayoitwa auksini, hivyo mmea hujikunja na kujisokota kana kwamba umechanganyikiwa wapi pa kuelekea. Thamani ya kuziunganisha hizi mbili ninaiona zaidi mwanzoni mwa msimu. Florasulamu huendelea kufanya kazi hata mchana ukiwa na nyuzi 5 au 6 tu za Selsiasi, wakati fluroksipiri huhitaji joto zaidi na mmea unaokua kwa nguvu. Nikipulizia mapema ya kwanza hubeba mzigo. Nikichelewa hadi siku zenye joto, ya pili hummaliza Galium hata akiwa amerefuka.

Sifa nyingine ya mchanganyiko huu ni uvumilivu wake kwa ngano. Kwa kawaida lebo huruhusu upuliziaji kuanzia ngano ikiwa changa hadi jani la mwisho linapojitokeza, jambo linalompa mkulima nafasi ya kusubiri hali ya hewa itulie. Hata hivyo, mchanganyiko huu una mapengo, nami nimeyaona kwa macho yangu. Viola arvensis, lile lenye vijiua vidogo vya rangi ya malai, hubaki likichanua kana kwamba hakuna kilichopita. Gugu liitwalo Veronica nalo hudumaa kidogo kisha huendelea. Pengo kubwa zaidi liko kwa Papaver rhoeas, yaani popi nyekundu ya mashambani, kwa sababu katika sehemu nyingi za Ulaya popi imejenga usugu dhidi ya kundi la florasulamu, na fluroksipiri peke yake haina nguvu ya kutosha juu yake. Mtu mwenye popi nyingi asiuchague mchanganyiko huu kwa kuvutiwa na sifa zake kwa Galium.

Kwa shamba kama hilo nimekuwa nikitumia halauksifeni, ambayo pia ni ya familia ya auksini lakini hutumika kwa gramu chache tu kwa hekta, na mara nyingi huuzwa ikiwa tayari imechanganywa na florasulamu au fluroksipiri. Inaipata popi, inampata Galium, inayapata magugu ya Lamium na Fumaria ambayo dawa nyingi huyaruka, na haitetereki sana na baridi. Msimu niliojaribu sehemu mbili bega kwa bega, moja kwa florasulamu na fluroksipiri na nyingine kwa halauksifeni na florasulamu, tofauti ilionekana ngano ilipoanza kutoa masuke: upande mmoja ulikuwa na madoa mekundu ya popi yaliyohesabika kwa mbali, upande wa pili ulikuwa wa kijani mtupu. Kama ningelazimika kubaki na dawa moja tu ya majani mapana kwa shamba nisilolijua vizuri, ningeichukua hii.

Metsulfuroni inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na wengi kwa sababu ya unafuu wake na ndiyo iliyonipa somo gumu. Ni ya kundi la salfonilurea, na gramu 4 hadi 6 za kiambato huitosha hekta nzima. Kwa upana wa magugu inayoyaua, haina mpinzani wa karibu miongoni mwa dawa za zamani: Viola, Stellaria, jamii ya haradali, hata Cirsium arvense, gugu lenye miiba, hupata pigo zito. Tatizo lake liko ardhini. Salfonilurea huvunjwa kwa sehemu kubwa na maji yenye asidi; katika udongo wenye asidi metsulfuroni hupotea ndani ya msimu, lakini katika udongo wa chokaa, wenye pH (kipimo cha asidi) inayopita 7, hukaa kwa muda mrefu na kulisubiri zao linalofuata. Dengu, kiazisukari, alizeti na kanola ni miongoni mwa mazao yanayoumia kwa kiasi kidogo sana cha mabaki hayo. Kwa hiyo kabla sijaifikiria metsulfuroni hujiuliza nitapanda nini baada ya ngano, na kama jibu ni mojawapo ya mazao hayo na udongo ni wa chokaa, mjadala unaishia hapo. Tribenuroni, ndugu yake wa karibu, huvunjika haraka zaidi, na ndiyo ninayoishika pale ninapohitaji kazi ya salfonilurea bila deni la udongoni, ingawa kwa Galium haina maana.

Kundi hili lote, pamoja na florasulamu inayozuia kimeng'enya kile kile, linabeba historia ambayo kila anayechagua dawa ya ngano anapaswa kuikumbuka. Klorsulfuroni, salfonilurea ya kwanza kuuzwa, iliingia katika mashamba ya ngano ya Marekani mwaka 1982. Mwaka 1987, katika jimbo la Idaho, ilithibitishwa kwamba Lactuca serriola, aina ya saladi mwitu yenye miiba, haiuawi tena na dawa hiyo katika shamba lililokuwa limepuliziwa kwa miaka mitano. Miaka mitano tu. Sababu inaeleweka: dawa hizi hugusa sehemu moja ya kimeng'enya kimoja, na badiliko dogo katika jeni linaloongoza utengenezaji wa kimeng'enya hicho hutosha kuifanya dawa iteleze. Ndiyo maana sikubali tena kupulizia salfonilurea peke yake kwa magugu ya majani mapana, hata pale ambapo hesabu ya gharama inaniambia nifanye hivyo. Huiunganisha na dawa ya familia ya auksini ambayo nayo ina uwezo wa kuliua gugu lile lile, kwa maana mwenzi asiyeligusa gugu hilo huongeza bei ya tangi bila kuzuia usugu wowote.

Kuhusu 2,4-D na MCPA, dawa za familia ya auksini ambazo zimekuwa mashambani tangu miaka ya 1940, nitasema bila kuzunguka kwamba bado zina nafasi lakini nafasi hiyo ni nyembamba. Jamii ya haradali hufa vizuri, na usugu dhidi yake haujaenea kama ule wa salfonilurea. Shida ni mlango wake kwa ngano. 2,4-D inatakiwa kuingia baada ya ngano kumaliza kutoa machipukizi na kabla ya shina kuanza kurefuka. Ikiingia mapema, majani hujikunja kama majani ya kitunguu na masuke hutoka yamepinda. Ikiingia baada ya vifundo kujitokeza, suke hutoka likiwa na vyumba vitupu visivyo na punje. Nimewahi kushika suke la namna hiyo mkononi: chini lilikuwa limejaa, katikati lilikuwa uti mtupu, juu kulikuwa na punje tatu. Ukilitazama kwa mbali shamba hilo lilionekana zima, na hasara ilijulikana kwenye mizani. Dikamba, nayo ya familia ya auksini, ina mlango kama huo, na ikichelewa hulegeza mashina yakalala. Zaidi ya hayo, 2,4-D ya aina ya esta hugeuka mvuke siku za joto na kusafiri, na mizabibu, nyanya na pamba huumia kwa kiasi kidogo mno. Ile ya aina ya chumvi ya amini haigeuki mvuke kwa urahisi hivyo, lakini huhitaji saa nyingi zaidi bila mvua, na ikirukia machoni huleta madhara makubwa, kwa hiyo miwani ya kinga haina mjadala wakati wa kupima na kumimina.

Klopiralidi nitaipitia haraka. Kwa Cirsium na magugu ya jamii ya alizeti ni bora kuliko zote, kwa mengine ni dhaifu. Anayeitumia ajue kwamba hubaki kwenye mabua, hupita kwenye samadi ya mifugo iliyokula mabua hayo, na huweza kuharibu maharage na nyanya zilizowekewa mboji iliyotokana nayo. Kama mabua yako yanauzwa au yanakwenda bustanini, tafuta dawa nyingine.

Upo pia mchanganyiko wa bromoksinili na pirasulfotoli, ambao nimeutumia msimu mmoja tu kwa magugu yenye usugu wa salfonilurea na ukanipa matokeo ya kuridhisha. Bromoksinili huunguza pale inapogusa, hivyo ulihitaji maji mengi na magugu machanga. Haukubaliwi katika nchi zote, na lebo ya nchi husika ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa dawa hii kama kwa zote nilizozitaja.

Sasa nije kwa magugu ya jamii ya nyasi, ambako makosa huumiza zaidi kwa sababu gugu na zao ni jamaa. Hapa ndipo macho yanapohitajika kuliko pampu. Jani changa la ngano hujisokota kwa kufuata mwendo wa saa, na kwenye kiungo chake kuna masikio mawili madogo yanayokumbatia shina. Oti mwitu, Avena fatua, hujisokota kinyume cha saa na haina masikio hayo. Lolium ina upande wa chini wa jani unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Bromus ina manyoya kwenye ala ya jani, na ala hiyo imefungika kama mrija. Alopecurus myosuroides mara nyingi huwa na rangi ya zambarau chini ya shina. Nimejifunza kulichimbua gugu pamoja na mzizi wake, kwa maana mbegu ya oti mwitu bado huwa imening'inia pale, ndefu na yenye manyoya, na hapo shaka yote huondoka.

Pinoksadeni ndiyo dawa ninayoiamini kwa oti mwitu, na kwa Lolium ambayo haijapata usugu. Huja pamoja na kemikali ya kuilinda ngano iitwayo klokwintoseti, inayoisaidia ngano kuvunja dawa haraka kabla haijaumia. Haina nguvu yoyote kwa majani mapana na haisumbui mazao yanayofuata. Wiki mbili au tatu baada ya kupulizia nalishika jani la katikati la gugu na kulivuta taratibu. Likichomoka bila ubishi, likiwa na kitako cha kahawia kilichooza, basi kazi imekamilika hata kama majani ya nje bado ni ya kijani. Kwa Bromus pinoksadeni haifai, na hapo ndipo piroksulamu inapoingia, kwa takriban gramu 18 kwa hekta, ikiwa na faida ya kuua pia baadhi ya majani mapana. Piroksulamu huifanya ngano iwe ya manjano kwa siku kadhaa, hasa usiku ukiwa wa baridi kali; mara ya kwanza nilishtuka, lakini rangi ilirudi ndani ya wiki mbili na mavuno ya sehemu hiyo hayakutofautiana na mengine.

Katika shamba moja tulikuwa na oti mwitu pamoja na haradali mwitu, na muuzaji mmoja wa pembejeo alitushauri tuweke dawa ya nyasi na 2,4-D katika tangi moja ili tuokoe safari ya pili. Tulimsikiliza. Haradali ilikufa, oti mwitu ikadumaa kwa siku kumi kisha ikainuka na kuipita ngano kwa kimo. Dawa za auksini zinajulikana kupunguza nguvu ya kundi la pinoksadeni ndani ya gugu la jamii ya nyasi, na lebo zenyewe huorodhesha michanganyiko inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa. Safari tuliyoiokoa tuliilipia kwa mbegu za oti mwitu ambazo zitaendelea kuota kwa miaka. Tangu hapo, lebo isipotaja wazi kwamba mchanganyiko unakubalika, hupulizia dawa ya nyasi kwanza na kuacha angalau wiki moja kabla ya kuleta 2,4-D.

Mesosulfuroni, ambayo huuzwa pamoja na iodosulfuroni na kemikali ya ulinzi, iliingia mashambani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kwa muda ilikuwa tegemeo kuu dhidi ya Alopecurus katika Ulaya ya kaskazini magharibi. Siwezi kuipa sifa ile ile leo. Usugu wa Alopecurus nchini Uingereza ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1982 dhidi ya dawa za kizazi kilichotangulia, na mesosulfuroni nayo imefuata njia hiyo katika mashamba mengi. Pale ambapo gugu bado halina usugu, na likiwa na majani mawili au matatu tu, dawa hii hufanya kazi nzuri. Likishatoa machipukizi mengi, unapulizia tumaini. Kwa maoni yangu, anayemngoja Alopecurus hadi majira ya kuchipua amekwisha kuchelewa: mmea huu huota kwa wingi vuli, na mapambano yake ni ya vuli, kwa dawa za ardhini, kuchelewesha upandaji na kubadilisha mazao. Dawa ya majira ya kuchipua ni ya kuokota mabaki.

Hali ya hewa hubadilisha matokeo ya dawa hizi zote kuliko tofauti za bei. Sipulizii asubuhi iliyofuata usiku wa barafu, wala siku ambayo usiku unaokuja umetabiriwa kuganda, kwa sababu gugu lililodumaa halisafirishi dawa na ngano iliyopigwa na baridi haiivunji dawa kwa kasi ya kawaida. Gugu na ngano, vyote viwili, huhitaji kwanza siku mbili tatu bila baridi kali. Sipulizii pia jioni iliyotulia kabisa, moshi unapotanda chini bila kupanda, kwa maana hewa baridi hunasa matone madogo na kuyapeleka mbali kwa jirani. Upepo mwepesi unaoelekea upande usio na zao nyeti ni bora kuliko utulivu wa namna hiyo.

Pampu nayo inastahili nusu saa kila mwanzo wa msimu. Naweka jagi lenye vipimo chini ya kila nozeli, yaani tundu linalotoa dawa, kwa dakika moja. Nozeli inayotoa asilimia 10 zaidi ya ilivyotoka kiwandani naitupa. Kisha nakokotoa: lita kwa dakika mara 600, gawanya kwa kasi ya trekta katika kilomita kwa saa mara nafasi kati ya nozeli katika mita. Nozeli inayotoa lita 0.8 kwa dakika, zikiwa zimeachana nusu mita na trekta ikienda kilomita 8 kwa saa, hutoa lita 120 kwa hekta. Kwa dawa inayopimwa kwa gramu 5, kosa dogo katika hesabu hii lina maana ya dozi pungufu kwa gugu au dozi ya ziada kwa ngano, na dozi pungufu inayorudiwa mwaka hadi mwaka ni mojawapo ya njia za kukuza usugu.

Kuosha tangi baada ya salfonilurea ni sehemu ya tathmini ya dawa hizo, kwa sababu ni gharama ya muda ambayo muuzaji haitaji. Maji matupu hayatoshi. Salfonilurea huyeyuka vizuri zaidi katika maji yenye alkali, ndiyo maana huoshwa kwa amonia ya nyumbani au kisafishaji maalumu, kisha kusuuzwa mara mbili, na vichujio na nozeli kufunguliwa na kusafishwa kando. Nimeona shamba la kiazisukari lenye mistari iliyodumaa, kila mstari ukianza pale pampu ilipofunguliwa na kufifia kadiri trekta ilivyosonga, kutokana na mabaki yaliyokuwa yamejificha ndani ya bomba la mwisho la mkono wa pampu. Florasulamu na piroksulamu, ingawa si salfonilurea, nazioshea tangi kwa uangalifu ule ule.

Kwa msimu ujao uchaguzi wangu umekwisha kukaa sawa. Sehemu yenye popi na Galium itapata halauksifeni na florasulamu, suke likiwa limekaribia sentimita 1. Sehemu yenye oti mwitu itapata pinoksadeni kwanza, peke yake. Metsulfuroni haitaingia, kwa kuwa dengu zinafuata na udongo ni wa chokaa. Katika kila sehemu nitaacha ukanda wa mita 3 usiopuliziwa, kwa maana bila ukanda huo siwezi kujua kama gugu liliuawa na dawa au na kivuli cha ngano yenyewe. Oti mwitu yoyote itakayosalia ndani ya eneo lililopuliziwa vizuri nitaingojea ikomae, nitakusanya mbegu zake katika bahasha ya karatasi kabla hazijapukutika, nitaandika juu yake tarehe na dawa iliyotumika, na kuzipeleka kupimwa usugu kabla sijanunua kopo jingine la pinoksadeni.